Pointi za Cherehani

Siku lifti ya jengo la maduka ilipogoma, vijana wawili waligundua kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, kwamba ujana wao ulikuwa wa kwenye kitambulisho tu. Watu walikuwa wanapanda na kushuka kwa vishindo, wengine na mifuko, wengine na watoto mgongoni, na hao wawili wameegemea ukuta mmoja, kila mmoja akijifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Alivaa gauni la kijani lenye maua meupe, alilolishona mwenyewe na lililomkaa mwilini bila kubana popote, na begani alikuwa na jora la kitambaa cha sare za shule. Wa pili alikuwa kinyozi. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata nyanya, na kichwa chake mwenyewe kilitosha kuwa tangazo la kazi yake. Miguuni pake kulikuwa na katoni kubwa. Wote wawili walikuwa wanahema.

"Dada, kama unasubiri lifti, imekufa," alisema kinyozi.

"Sisubiri lifti. Nasubiri roho irudi mwilini."

Mama mmoja mtu mzima, mwenye kikapu kichwani na kingine mkononi, aliwafikia, akawaangalia kwa huruma. "Nipisheni wanangu. Poleni na safari." Akapita bila hata kugusa reli.

"Huyo mama ametudhalilisha," alisema kinyozi.

"Amekudhalilisha wewe. Mimi nimebeba jora."

"Na mimi nimebeba nini, pamba?"

"Sijui. Fungua tuone."

"Taulo."

"Basi ni pamba," alisema fundi, na kinyozi akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ngazi. Binti aliyecheka naye alikuwa na mwanya mdogo kati ya meno ya mbele, na kinyozi alipouona alisahau kabisa kwamba mjomba wake alikuwa anangoja taulo.

Alimwonyesha simu yake. Mjomba, mwenye duka la kunyoa alikokuwa anafanya kazi, alikuwa amemwambia kwamba kila akiinama kwa mteja anapumua kama bomba lililoziba. Kwa hiyo alikuwa ameshusha programu ya mazoezi, ya kufanyia nyumbani.

"Ni ya bure," alisema.

"Vya bure vina masharti yake."

"Sharti ni moja. Inataka mfanye wawili. Kila mtu kwake, ila unaona pointi za mwenzako, na yeye anaona zako. Usipokuwa na mwenzio, masomo yanafungwa."

"Na mwenzio ni nani?"

"Ndiyo hapo nilipokwama."

Fundi alimtazama kuanzia viatu vya raba hadi kichwa kilichochongwa. "Kaka, unaniomba namba ya simu kwa njia ndefu sana."

"Ile fupi nilikosa pumzi yake."

Namba akapewa.

Fundi alikuwa anaishi kwa shangazi yake, nyumba ambayo chumba cha mbele kilikuwa karakana ya ushonaji na vya nyuma vilikuwa vya kulala. Kesho yake asubuhi alisogeza kitanda ukutani, akatandika mkeka, akafunga simu kwenye mguu kwa kipande cha lastiki ya kiunoni, maana programu ilitaka iwe mguuni ili ihesabu inavyotikisika. Sauti ya mwanamke mchangamfu ikamwambia akimbie papo hapo. Akakimbia. Ikamwambia achuchumae na kuinuka. Akachuchumaa, kuinuka kukawa na mjadala. Ilipofika kwenye pushapu alilala kifudifudi na kuona, chini ya kitanda, kandambili aliyokuwa amemsingizia mtoto wa jirani kuwa ameiiba.

Simu kutoka kwa kinyozi ililia kabla hajasimama.

"Nimeona pointi zako," alisema kinyozi. "Au ulikuwa umelala na simu ikateleza mguuni?"

"Usinicheke. Zako ngapi?"

"Nimekuzidi kidogo."

"Umenizidi kwa kuwa huna gauni."

"Mazoezi unafanya na gauni?"

"Kesho utaona nani ana gauni hapa."

Na kesho yake aliona, lakini si kwa jinsi alivyokusudia fundi. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare zilikuwa zimejaa mezani. Fundi alikimbia papo hapo kidogo, akachoka, akaenda kukaa kwenye cherehani ya miguu na kuanza kazi, simu ikiwa bado imefungwa mguuni. Alikanyaga pedali mpaka adhuhuri. Alipoinuka kwenda kunywa maji, ile sauti changamfu ilipaa kutoka kwenye mguu wake: hongera, umekimbia kuliko wote leo, wewe ni bingwa.

Shangazi mtu alitoa pini mdomoni. "Nani huyo anakupongeza?"

"Mguu, Shangazi."

Haikuwa imepita hata dakika simu ikalia.

"Wewe mwanamke," alisema kinyozi, na sauti yake ilikuwa na mshangao mtupu. "Umekimbia asubuhi nzima?"

Hapa ndipo fundi alipaswa kusema. Neno lenyewe lilikuwa ulimini: cherehani. Wangecheka, na yangekwisha. Lakini kinyozi aliongeza taratibu, "Sijawahi kukutana na mtu mwenye moyo kama wako. Bingwa wangu," na lile neno la mwisho likamwingia fundi masikioni kama maji ya moto siku ya baridi. Akalimeza alilotaka kusema.

"Nimejitahidi tu," alisema.

Usimhukumu haraka. Wewe mwenyewe ungeitwa hivyo na sauti kama ile ungetafuta cherehani.

Mapenzi yakaota mizizi. Kinyozi alipiga simu asubuhi kuuliza bingwa ameamkaje, akapiga mchana kuuliza bingwa amekula, jioni akamngoja mwisho wa mtaa wakatembea pamoja polepole, yeye na shati lake lililonyooka, fundi na magauni yake, leo la njano, kesho la bluu lenye mifuko. Walikaa kwenye benchi nje ya duka la vitabu wakitaniana mpaka mwenye duka afunge. Na kila asubuhi fundi alifunga simu mguuni na kukaa kwenye cherehani. Sare zilipoisha zikaja nguo za kwaya, za kwaya zilipoisha zikaja mapazia ya hoteli, na pointi zikawa zinapanda tu. Kila siku alijiambia atasema kesho.

Jioni moja kinyozi alimweleza habari za mchumba aliyekuwa naye zamani. Huyo dada alikuwa anamwambia yuko kazini, kumbe yuko kwa mwingine, na yeye alikuwa anampelekea chakula kazini kwake na kuambiwa na mlinzi kwamba ametoka sasa hivi.

"Kwenye mlango wa huyo mlinzi nilienda sana," alisema. "Mlinzi alikuwa ananionea huruma, anajua. Tangu siku ile, ukinikosea nitasamehe. Ukinitukana, nitasamehe. Kunidanganya tu, hata kitu kidogo, siwezi. Naona nimefanywa mjinga wa mtaa mzima."

Fundi alimshika mkono. Sasa kesho ilikuwa mbali zaidi.

Mambo yakawa magumu zaidi kinyozi alipoanza kusema wafanye mazoezi pamoja.

"Jumapili nije kwenu," alisema kwenye simu. "Shangazi atatuhesabia."

"Jumapili nina kazi."

"Jumamosi?"

"Jumamosi mgongo unaniuma."

"Mgongo wa bingwa unauma?"

"Ndiyo maana unauma," alisema fundi, akakata simu na kuuma kidole.

Shangazi alikuwa anasikiliza, kama kawaida yake. "Mwambie."

"Ataniacha."

"Atakuacha leo kwa kidogo au baadaye kwa kingi. Chagua."

"Shangazi, mapazia ya watu yanangoja."

"Mapazia hayana miguu ya kukimbia. Wewe ndiye unakimbia," alisema shangazi, akarudisha pini mdomoni.

Kinyozi, kwa upande wake, alilielewa hilo la kukwepwa kivingine kabisa. Alijitazama kwenye kioo cha bafuni, akaona kitambi, akaona mikono laini, akakata shauri kwamba bingwa wake anaona haya kufanya mazoezi na mzembe kama yeye. Kwa hiyo alijikaza kisabuni. Aliamka jua halijatoka, akapiga pushapu mpaka pua ikagonga sakafu, akanyanyua madumu ya maji yaliyojaa, na bado kila akitazama simu, pointi za bingwa zilikuwa kule juu, hazikamatiki. Fundi akimuuliza kama hachoki, anajibu, "Mimi nayafurahia sana." Jioni alikuwa anashindwa kunyoosha mkono kuwasha taa.

Ukitaka kujua mikono inafanya nini kwenye kazi ya kunyoa, nyoosha yako mbele yako uishike hapo muda wa kumaliza kichwa kimoja. Kinyozi alikuwa anafanya hivyo siku nzima, kichwa baada ya kichwa. Siku yenyewe iliyomponza alikuja bwana harusi, jamaa mwenye ndevu nene alizozilea kwa miezi, akitaka zichongwe vizuri kwa ajili ya harusi ya mchana ule. Mjomba alimpa kinyozi kazi hiyo mbele ya watu, kwa makusudi, kwa sababu alikuwa anafikiria kumkabidhi duka la pili alilotaka kulifungua.

Upande wa kulia ulitoka safi. Upande wa kushoto mkono ukatetemeka, mashine ikateleza, na njia nyeupe ikapita shavuni kutoka sikioni hadi kidevuni. Hakukuwa na la kufanya ila kunyoa zote. Bwana harusi aliondoka na uso laini wa mtoto wa sekondari, na baadaye ilisemekana bibi harusi alimpita mlangoni akimtafuta.

Mjomba hakupiga kelele. Alichukua mashine kutoka mkononi mwa mpwa wake, akampa ufagio. "Mpaka hiyo mikono itulie," alisema. "Na duka la pili, tusilizungumze kwanza."

Kinyozi alimsimulia fundi kwenye simu kama kichekesho. Alimwigiza bwana harusi, akamwigiza mjomba. Fundi alicheka mwanzoni.

"Lakini mikono imepatwa na nini?" aliuliza.

"Madumu," alisema kinyozi. "Nilitaka nikufikie. Nikasema siku ukikubali tufanye pamoja, usione haya kuwa na mimi."

Fundi akaacha kucheka. Alikaa kitandani na simu sikioni. Kumbe uongo wake mdogo wa asubuhi ulikuwa unaenda kazini kwa mtu mwingine na kumharibia riziki.

"Upo?" aliuliza kinyozi.

"Nipo. Kesho nakuja dukani kwenu."

Alikwenda saa nne asubuhi, amevaa lile gauni la kijani, duka limejaa. Vioo pande zote, redio inaimba, mjomba yuko na mteja mwenye povu kidevuni. Kinyozi alikuwa na ufagio. Uso wake uling'aa alipomwona, na hilo ndilo lililomuumiza fundi zaidi.

"Bingwa, umekuja kuniona nikifagia?"

"Nina jambo. Nikilisema polepole nitakimbia, kwa hiyo nalisema haraka. Zile pointi si zangu."

"Za nani?"

"Za cherehani. Siku ya pili nilisahau simu mguuni nikakaa kushona. Ukanipigia ukaniita bingwa, nikashindwa kukuambia. Tangu hapo nafanya makusudi. Sijawahi kukimbia hata robo ya zile. Nikikwepa Jumapili, nilikuwa naogopa utaniona."

Mteja mwenye povu alicheka kwanza, mjomba akalazimika kuinua wembe ili asimkate. Kisha duka zima likacheka, na mjomba akajipangusa macho. Kinyozi peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo nimekuwa nalala kifudifudi kila alfajiri," alisema, "nimeharibu harusi ya watu, nashindana na cherehani."

"Ndiyo."

"Na kila nikikuita Bingwa, unaitika."

"Naitika. Na kila nikiitika naona haya."

"Wewe unajua mlango ule niliokuwa naenda na chakula. Nilikusimulia mwenyewe."

"Najua. Ndiyo nikazidi kuogopa. Nisamehe."

Kinyozi aliinama, akaanza kukusanya nywele za sakafuni, za watu tofauti, rangi tofauti. "Rudi kazini, Fundi," alisema bila kuinua uso. "Shangazi atakuwa anakutafuta."

Hakuwa amemwita hivyo tangu aanze kumwita Bingwa. Fundi alitoka akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, akatembea hadi nyumbani bila kuona barabara.

Siku zilizofuata simu ilinyamaza. Kinyozi alikuwa amemwondoa kwenye programu, masomo yakajifunga kama ilivyoahidiwa. Fundi alilia kwenye mapazia ya hoteli, shangazi akamsogezea kitambaa kibovu ili alilie hapo. Lakini kila asubuhi, bila sauti ya kumpongeza na bila mtu wa kuona, aliingia chumbani akachuchumaa na kuinuka. Hakujua anamfanyia nani. Alitaka tu kuwe na kitu kimoja anachokifanya kweli.

Kinyozi naye alikuwa amenuna mpaka wateja wakaanza kuchagua kiti cha mjomba. Mikono ilikwishatulia na alikuwa amerudishiwa mashine, ila alinyoa kama aliyelazimishwa. Mjomba akavumilia, akachoka kuvumilia.

"Mpwa wangu, nikuulize," alisema siku moja wakifunga duka. "Wakati ule, kila asubuhi nilikuuliza mazoezi yanaendaje. Ulinijibu nini?"

"Nilisema mazuri."

"Ulisema matamu. Na ulikuwa unashika ukuta kwenda msalani."

"Mjomba, hiyo ni tofauti."

"Inawezekana. Yule binti alikuja akasimama katikati ya duka langu, wanaume wamejaa, akajisema mwenyewe. Wewe hayo yako umeshamwambia nani?"

Kinyozi akafunga kufuli la mlango. Usiku ule jibu lilimkosesha raha. Kweli alidanganywa, na kweli iliuma. Lakini yule mchumba wa zamani hakuja mwenyewe kusema, na huyu alikuja. Yeye pia kila siku alimwambia huyu binti kwamba anafurahia, huku akiumia, kwa sababu ileile iliyomfunga binti mdomo. Alikuwa anaogopa kuonekana alivyo.

Jumamosi alasiri alibisha hodi karakanani, shati limepigwa pasi, kichwa kimechongwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umechelewa," alisema shangazi. "Pita. Yuko kule, anapigana na sakafu. Sakafu inashinda."

Fundi alikuwa kati ya meza ya kukatia na ukuta, amevaa suruali ya zamani na fulana yenye rangi ya chokaa, kifudifudi, mikono inatetemeka. Alipoona viatu vya raba alianguka kabisa.

"Simu iko wapi?" aliuliza kinyozi.

"Mezani. Imezimwa."

"Nani anahesabu?"

"Hakuna anayehesabu."

Kinyozi alivua viatu, akakunja mikono ya shati lake kwa uangalifu, akalala sakafuni kando yake. "Haya. Pamoja."

Wakaenda juu, wakashuka. Wakaenda juu tena, kwa shida, na safari ya tatu wote wawili waliishia njiani. Wakageuka chali wakatazama dari, wanahema.

"Nina la kwangu la kusema," alisema kinyozi. "Mimi mazoezi siyapendi. Sijayapenda hata siku moja. Nilikuwa nakuambia nayafurahia, kumbe nikisikia ile sauti ya yule mama wa programu asubuhi natamani kulia."

Fundi alimgeukia. "Na mimi siyapendi."

"Kabisa?"

"Nayachukia. Pushapu hasa."

Kicheko kilianza tumboni kwa mmoja kikahamia kwa mwingine, na nyuma ya pazia la mlango shangazi naye akawa anakohoa kwa namna ya mtu asiyekohoa. Kilipoisha, kinyozi alibaki amemshika mkono.

"Ulinikosea," alisema.

"Nilikukosea."

"Ila ulikuja mwenyewe. Nimelifikiria sana hilo. Sitaki bingwa. Nataka mtu ambaye nikichoka nitamwambia nimechoka, na yeye aniambie. Kila siku, mpaka tuzeeke. Niruhusu nimlete mjomba hapa aje azungumze na shangazi yako."

Fundi alifungua mdomo, hewa ikawa haitoshi neno. Aliinua kidole kumwomba subira.

"Ngoja kwanza nipumue," alisema.

Kinyozi alingoja, amelala pale sakafuni, moyo unamwenda mbio kuliko ulivyowahi kwenda kwenye madumu. Fundi alipumua mara ya kwanza, akapumua ya pili, kisha akasema ndiyo.